Namna ya Kuabudu katika Hekalu la Shiva la Gangaikonda Cholapuram

Kijiji hiki cha Tamil Nadu, kusini mwa India, kilomita 35 hivi kutoka mji wa Kumbakonam, kilikuwa mji mkuu wa mfalme Rajendra Chola wa Kwanza. Jina lake lina maana ya mji wa Chola aliyeutwaa Ganges, kwa kuwa majeshi yake yalifika mto huo karibu mwaka 1023. Maji waliyorudi nayo, kwa mapokeo, yalimiminwa katika kisima chenye sanamu ya simba, upande wa kaskazini wa hekalu. Kasri limebaki misingi tu, na mwaka 1836 hata mawe ya kuta za hekalu yalichukuliwa kujengea bwawa la mto Kollidam. Ibada ya Shiva, mungu wa Wahindu, hata hivyo, ni ya kila siku.

Nenda asubuhi mapema au baada ya saa 10 alasiri. Adhuhuri patakatifu hufungwa, na kwa vile viatu huachwa nje, sakafu ya mawe huunguza nyayo.

Sinia ya sadaka huwa na nazi 1, ndizi 2, majani ya tambuu na popoo, maua, vijiti vya udi na kafuri. Kwa Shiva ongeza majani ya mti wa vilva. Kila kikonyo kiwe na vijani vitatu vizima, visivyotobolewa na wadudu. Usiyachume Jumatatu, ambayo ni siku ya Shiva mwenyewe. Yachume siku iliyotangulia. Maua ya kadi usilete kabisa, hata yanukie vipi. Miungu Brahma na Vishnu walishindana kutafuta mwisho wa nguzo ya moto, ambayo ilikuwa Shiva. Brahma akadai amefika kileleni, na ua la kadi likamtolea ushahidi wa uongo. Tangu hapo halipokelewi kwa Shiva.

Ukiingia uani utamkuta Nandi, fahali mkubwa wa matofali na lipu, anayemtazama bwana wake. Usisimame katikati yao. Tangulia kwa Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo: mkono wa kushoto ushike ndewe ya sikio la kulia, wa kulia ushike ya kushoto, kisha chuchumaa na kuinuka mara 3. Ndipo upande ngazi kwenda kwenye linga, jiwe la wima linaloabudiwa kama ishara ya Shiva, lenye urefu wa karibu mita 4.

Mpe kuhani sinia na umtajie jina lako, ukoo, na nyota ya kuzaliwa, moja kati ya zile 27 za unajimu wa Kihindu. Asiyejua ukoo hutaja wa Shiva. Mwale wa kafuri ukiletwa, pitisha viganja juu yake kisha viguse macho, usiupulize. Jivu takatifu lipokee kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake, ujipake kwenye kipaji cha uso. Hapa ndipo wengi huharibu: jivu linalobaki humwagwa kwenye nguzo, likachafua nakshi za miaka elfu moja. Lifunge katika kipande cha karatasi uende nalo nyumbani.

Kusujudu ni nje, uani, kamwe si ndani. Hekalu limeelekea mashariki, hivyo kichwa kielekee kaskazini ili miguu isimnyooshee mungu yeyote. Wanaume hulala kifudifudi. Wanawake hupiga magoti na kuinama.

Zunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Upande wa kaskazini, penye ngazi, simama. Katika sanamu ya ukutani, Shiva ameketi na mkewe Parvati, anamviringishia shada la maua kichwani kijana aliyepiga magoti. Huyo ni Chandesha, na ukiwa na muda wa kutazama sanamu moja tu, itazame hii. Alikuwa mchunga ng'ombe aliyefinyanga linga la mchanga na kulimiminia maziwa. Baba yake alipoyapiga teke, kijana akamchapa kwa fimbo, nayo ikageuka shoka na kumkata mguu. Shiva akamfanya msimamizi wa vyote vitolewavyo kwake.

Kwa sababu hiyo kibanda cha Chandesha, hapo karibu, ndicho kituo cha mwisho. Mwoneshe viganja vitupu, uvisugue taratibu: hukuchukua mali ya Shiva. Wapo wanaopiga makofi kwa kishindo, au kuchomoa uzi wa nguo na kumtupia. Yote mawili ni makosa, kwani yumo katika tafakuri, na nyuzi ni takataka tu.

Ukiweza kuchagua siku, chagua mwezi mpevu wa Aippasi, mwezi wa kalenda ya Kitamil ulio kati ya Oktoba na Novemba, linga lote linapofunikwa kwa wali mweupe. Wali uliogusa linga hupelekwa majini; uliobaki hugawiwa watu, na foleni yake ni ndefu, basi beba maji ya kunywa.