Kijiko kinakupindua: taswira za vioo vilivyopinda

Wengi hukariri jedwali la taswira usiku wa mtihani, kukicha limeshayeyuka. Mimi huwa nauliza jambo moja tu: kitu kimesimama wapi, ndani ya fokasi au nje yake? Fokasi ni nukta ambapo miale sambamba ya mwanga hukutana ikiakisiwa na kioo kilichobonyea; ndani yake ni kati ya nukta hiyo na kioo.

Hatua ya 1. Shika kijiko kinachong'aa, utazame upande wa kuchotea. Hicho ni kioo mbonyeo, na uso wako umo kichwa chini. Sasa sogeza ncha ya kidole taratibu hadi ikaribie kukigusa. Kidole kitavurugika kidogo, kisha kitasimama wima, kinene kuliko chenyewe. Hapo umevuka fokasi. Uso hauwezi kufika huko, maana fokasi ya kijiko iko sentimita chache tu.

Hatua ya 2. Chora mhimili mkuu (mstari unaopita katikati ya kioo), kitovu C juu yake (kitovu cha duara ambalo kioo ni kipande chake), na fokasi F katikati ya C na kioo. Toka kwenye ncha ya kitu, mwale mmoja uende sambamba na mhimili. Ukiakisiwa hupita F. Wa pili upite F. Ukiakisiwa hurudi sambamba. Inapokatana ndipo ilipo ncha ya taswira. Ikiachana, irefushe kwa nukta nukta nyuma ya kioo.

Hatua ya 3. Hakikisha kwa 1/f = 1/u + 1/v, zote zikiwa umbali kutoka kwenye kioo: f wa fokasi, u wa kitu, v wa taswira. Tuseme f ni sm 20. Kitu kikiwa sm 60, taswira iko sm 30, imepinduka, nusu ya kitu. Kilete sm 30: inakimbilia sm 60, mara mbili. Kiingize sm 10: v ni −20, yaani nyuma ya kioo, wima, mara mbili.

Kioo mbinuko, kilichotokeza kama mgongo wa kijiko, hakina mengi: taswira ni wima, ndogo, nyuma ya kioo, popote uwekapo kitu.

MASWALI

Mwalimu, halisi na isiyo halisi zote naziona. Tofauti iko wapi?
Weka karatasi taswira ilipo. Halisi itatua juu yake. Isiyo halisi haitatua, kwa sababu hakuna mwale unaofika kule nyuma.

Kioo mbinuko, f sm 20, kitu sm 20. Mbona 1/v inatoka sifuri?
Umesahau alama ya kutoa, kosa la kila mwaka hilo! Weka f = −20, upate v = −10, taswira nusu ya kitu.

Na kitu kikiwa juu ya F penyewe?
Miale hurudi sambamba, haikutani. Ndiyo sababu balbu ya tochi hukaa hapo.