Kuandaa kahawa ya chama cha msingi kwa kanuni ya Ulaya ya kulinda misitu

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inakataza kuuzwa Ulaya kwa kahawa, kakao, mpira, mawese, soya, mbao na mazao ya ng'ombe yaliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, au yaliyozalishwa kinyume cha sheria za nchi yalikotoka. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na mwishoni mwa 2025 ulisogezwa hadi 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati. Anayewasilisha tamko la kuthibitisha kwamba kahawa inafuata kanuni hii ni mwagizaji wa Ulaya, lakini hana cha kuandika pasipo daftari la chama. Ndiyo maana ninawaandikia makatibu wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) za kahawa, hasa za Kilimanjaro.

Anza na orodha ya wanachama, kisha nenda shambani. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, kama vilivyo karibu vihamba vyote (mashamba ya familia ya Wachaga), nukta moja ya mahali inatosha: simama katikati ya mibuni, mahali penye uwazi, subiri GPS ya simu itulie, kisha andika latitudo na longitudo kwa tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Shamba kubwa zaidi ya hapo lazima mpaka wake wote uchukuliwe. Chunga sana alama ya kutoa mbele ya latitudo, kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta. Kihamba cha Moshi kilichoandikwa 3.35 badala ya -3.35 kitaonekana kaskazini mwa Kenya, jirani na North Horr, kwenye nchi kame isiyoota mbuni hata mmoja. Mwenye vihamba viwili, kimoja cha urithi na kingine cha kununua, anahitaji nukta mbili.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni kivuli. Kihamba chenye migomba na mifuruanje (miti ya kivuli) mirefu, kikitazamwa kwa setilaiti, hufanana na msitu, na mkulima aliyetunza miti kwa vizazi vitatu anaweza kushukiwa kuliko aliyeikata. Kanuni yenyewe haimhukumu: msitu ni eneo la zaidi ya hekta 0.5 lenye miti inayozidi mita 5 na kivuli cha zaidi ya asilimia 10, lakini ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo haihesabiwi, hata kama kahawa imepandwa chini ya miti. Kwa hiyo piga picha za mibuni iliyozeeka, na uombe serikali ya kijiji ithibitishe kwa barua kwamba eneo hilo lililimwa kabla ya 2021. Usimruhusu mtu akate mti ili ramani ipendeze.

Wakati wa kupokea kahawa, kila gunia liandikiwe namba ya mkulima. Kanuni hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na isiyojulikana, hata kidogo, hivyo debe moja la mlanguzi likimwagwa kwenye rundo la chama, rundo lote linapoteza sifa ya kwenda Ulaya.