Jinsi ya Kulisha Familia Nairobi kwa Chakula Kisicho na Nyama

Nyumba nyingi za Nairobi hukaa siku kadhaa za juma bila kupika nyama, ingawa hakuna anayejiita mla mboga. Leo ni githeri, kesho ni ugali kwa sukuma wiki, na Ijumaa watoto wanapikiwa chapati kwa ndengu. Kwa hivyo familia inayoamua kuacha nyama kabisa, iwe kwa sababu ya imani, ya afya, ya bei au ya kuwahurumia wanyama, haina haja ya kujifunza upya kupika. Inachohitaji ni kujua kitu gani kishike nafasi ya nyama. Wengi huiondoa nyama kwenye sahani wasiweke kitu mahali pake, wakabaki na ugali mkubwa na majani kidogo, na baada ya wiki mbili watoto wanalalamika njaa saa nne usiku, huku baba wa nyumba akisema chakula hiki hakimfai mtu anayefanya kazi. Malalamiko hayo ni ya haki. Mlo usio na nyama husimama juu ya jamii ya kunde, yaani maharagwe, ndengu, njahi, kamande, mbaazi, minji na kunde zenyewe, na kila mtu mzima apate angalau kikombe kimoja cha kunde zilizoiva kwa siku. Kikombe hicho kina protini ya gramu 15 hivi.

Githeri inaonyesha vizuri sababu yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ilhali maharagwe yana lisini kwa wingi. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la mwenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa wali na maharagwe, chapati na ndengu, au ugali wa wimbi na kunde. Si lazima viingie sufuria moja wala mlo mmoja, mradi vyote viliwe siku hiyo.

Kununua

Maduka ya nafaka ya Nyamakima yanauza karibu kila aina ya kunde, na anayenunua kwa gorogoro kadhaa hulipa nafuu kuliko anayenunua pakiti moja moja dukani mtaani. Maharagwe ya nyayo huiva laini na kutoa mchuzi mzito. Wairimu ni madogo, mekundu na yanafaa githeri. Ya manjano bei yake iko juu kidogo, lakini walaji wengi husema hayajazi tumbo gesi, kwa hiyo ni mwanzo mzuri kwa nyumba ambayo haijazoea kula kunde kila siku. Mwulize mwenye duka ni ya msimu gani. Maharagwe yaliyokaa ghalani mwaka mzima au zaidi hupauka au kuwa meusi, ngozi hukunjamana, na yanaweza kuchemka saa tatu yasilainike. Gesi itakayopotea hapo ni ghali kuliko tofauti ya bei.

Mahindi ya githeri na njugu karanga zichaguliwe kwa makini zaidi. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa itupwe, kwa sababu huenda ina aflatoksini, sumu ya kuvu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Njugu unazosaga nyumbani zichambue moja moja kwenye ungo, mchana, penye mwanga wa kutosha.

Kuchemsha kunde katika mji wa nyanda za juu

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana mgeni kutoka Mombasa hushangaa kuona maharagwe aliyozoea kupika kwa saa moja na nusu yakimaliza saa mbili na bado ni magumu. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi joto tena. Yanakauka tu haraka. Yanayosaidia ni kuroweka, maji mazuri na sufuria ya presha.

Roweka maharagwe, njahi na mbaazi kavu usiku kucha, saa nane hadi kumi na mbili, kwenye maji mengi yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita. Chumvi hulainisha ngozi ya punje. Ile imani kwamba huyafanya maharagwe kuwa magumu haina msingi. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, kisha weka maji mapya. Kuyamwaga hupunguza pia zile sukari zinazoleta gesi tumboni. Ndengu na kamande hazihitaji kurowekwa. Kama mtaa wenu hutumia maji ya kisima kilichochimbwa, na birika lenu huota ukoko mweupe, fahamu kwamba maji hayo yana chokaa na chokaa hukawiza kuiva. Kwa maharagwe, afadhali kutumia maji ya mfereji au ya mvua yaliyo safi.

Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje mpaka punje iwe imeiva kabisa, kwa kuwa uchachu huifanya ngozi igome. Magadi hulainisha upesi, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi kidogo tu chakula hupata ladha ya sabuni. Mimi singeyaweka kwenye maharagwe yanayoliwa kila siku.

Sufuria ya presha ndiyo chombo ambacho ningeshauri familia isiyokula nyama inunue kabla ya kingine chochote. Maharagwe yaliyorowekwa huiva humo kwa dakika ishirini hadi thelathini tangu presha ikamilike, na mtungi wa gesi wa kilo sita hudumu zaidi. Usiijaze kupita nusu unapopika kunde, kwa sababu povu lake huweza kuziba tundu la mvuke. Wasio na sufuria ya presha hutumia kikapu kilichofungwa kwa matambara au sponji ili kihifadhi joto: sufuria hutoka motoni ikiwa inachemka na kuachwa kikapuni saa kadhaa. Ni njia nzuri, kwa sharti moja. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiui, kwa hivyo yachemke kwa nguvu motoni angalau dakika thelathini kabla ya kuingia kikapuni. Anayekula maharagwe mekundu yasiyoiva hutapika vibaya ndani ya saa chache.

Chemsha mara moja au mbili kwa juma. Kilo moja ya maharagwe makavu hutoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Yagawe kwa vipimo vya mlo mmoja, yakishapoa yaweke kwenye friji kwa siku tatu au nne, au kwenye friza kwa miezi. Nyumba isiyo na friji ipike ya siku hiyo tu, au inunue yaliyochemshwa kwa akina mama wanaouza githeri na maharagwe kando ya barabara jioni; yachemshwe tena vizuri kabla ya kuungwa.

Kuunga

Hapa ndipo chakula hushinda au hushindwa. Maharagwe yaliyochemshwa yakatiwa kitunguu kibichi na chumvi ni chakula cha bweni, na mtoto hawezi kulaumiwa akiyakataa. Chukua mfano wa ndengu za watu sita. Chambua nusu kilo ya ndengu, osha, chemsha kwenye maji yanayozizidi kwa vidole vinne hadi punje zipasuke na kubonyeka kwa urahisi. Usimwage maji yake. Katika sufuria nyingine pasha vijiko vitatu vya mafuta, tia kijiko kidogo cha binzari nyembamba nzima, na ikianza kutoa harufu weka vitunguu vikubwa viwili vilivyokatwa vyembamba. Vitunguu hivyo viachwe motoni dakika kumi au zaidi, ukigeuza, mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea. Wapishi wengi huvitoa vikiwa vimelainika tu, nao huo ndio upungufu wanaojaribu kuufidia baadaye kwa viungo vya pakiti; ule utamu mzito ambao mtu hudhani hutoka kwenye nyama, sehemu yake kubwa hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa kikaiva. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, dakika moja, kisha manjano nusu kijiko cha chai, dania iliyosagwa kijiko kimoja, na nyanya nne zilizokunwa. Pika mpaka mafuta yatengane na nyanya na kujitokeza pembeni. Hapo mimina ndengu pamoja na maji yake, ponda kijiko kikubwa kimoja au viwili dhidi ya ukuta wa sufuria ili mchuzi uwe mzito, na acha zitokote dakika kumi na tano. Chumvi, dania mbichi na ndimu viingie mwishoni.

Maharagwe huungwa hivyohivyo, ila mahali pa manjano na dania unaweza kutia tui zito la nazi moja na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, kama wafanyavyo Pwani. Njahi hupendeza zikipondwa na ndizi mbivu na viazi. Kamande huiva haraka kuliko zote na ni ya jioni ambazo mpishi amefika nyumbani saa mbili usiku kwa sababu ya foleni ya magari.

Majani

Sukuma wiki ni nzuri, lakini isiwe peke yake kila siku. Mchicha, ambao wengi hapa huuita terere, managu, saga, kunde na kanzira vyote hupatikana kwa mama mboga, na ukimwagizia siku moja kabla atakuletea. Mwulize yalikolimwa. Si siri kwamba baadhi ya mboga zinazouzwa jijini hukuzwa kando ya mito yenye maji taka, na kuosha hakuondoi madini mazito yaliyokwisha kuingia ndani ya jani. Managu na saga huwa na uchungu: yachemshe, mwaga maji ya kwanza, kisha yapike polepole kwa maziwa au krimu. Kwa asiyetumia maziwa, njugu zilizosagwa na kukorogwa na maji ya moto hufanya kazi hiyo vizuri, tena huongeza protini. Mafuta kidogo ni ya lazima, maana bila mafuta mwili haupati sawasawa vitamini A iliyomo kwenye majani.

Chuma, B12 na chai

Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Vitamini C huyasaidia sana: kachumbari yenye ndimu, hoho mbichi, chungwa au papai, viliwe wakati huohuo na si saa tatu baadaye. Chai huyazuia. Desturi yetu ya kushushia chakula kwa chai ya maziwa ndiyo tabia moja ambayo ningeiomba kila familia isiyokula nyama iibadilishe. Chai isogezwe saa moja mbali na mlo, hasa kwa wasichana waliobalehe na kwa mama mjamzito. Mama mjamzito, aidha, asiache vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki kwa sababu tu anakula mboga nyingi.

Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Wanaokula mayai na kunywa maziwa au mala kila siku huipata humo. Wasiotumia kabisa vitu vya wanyama lazima wameze vidonge vya B12 au wale vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na jambo hili lisiahirishwe, kwa kuwa upungufu wake hujificha miaka na unaweza kuharibu neva.

Mtoto mdogo ana tumbo dogo, naye akijazwa majani na uji mwepesi hushiba kabla ya kupata nguvu. Mpe maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa ngozi, uji wa wimbi uliokorogwa na njugu zilizosagwa laini, parachichi na yai. Njugu nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, zinaweza kumkaba.

Nyumba yenye walaji wa aina mbili

Mara nyingi si wote wanaoacha nyama. Pika sufuria kuu ambayo kila mtu atakula, yenye kunde, majani na nafaka, na anayetaka nyama aongezewe kando. Usipike nyama kisha umtolee asiyekula mchuzi wake. Kwa Mhindu, kwa Msabato asiyekula nyama au kwa Rasta, mchuzi huo ni nyama. Tenga mwiko na kikaango, usitumie mafuta yaliyokaangia nyama au samaki, na soma maandishi ya viungo vya mchuzi vya pakiti, kwa kuwa vingine vina unga wa nyama au wa kuku. Ukialika jirani Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kijaini yenye asili ya India, jua kwamba wengi wao hawali vitunguu, kitunguu saumu, viazi wala karoti, yaani vinavyochimbwa ardhini. Ndengu zilezile utaziunga kwa binzari nyembamba na chembe ya mvuje (hing, kiungo chenye harufu kali) uliokaangwa kwenye mafuta, kisha nyanya na pilipili mbichi. Mvuje unauzwa kwenye maduka ya viungo ya Ngara na Parklands, lakini soma kifurushi kama hauna unga wa kitunguu.

Wazazi wanapokuja kutoka shags, msiwapikie chakula cha kigeni ili kuonyesha kwamba nyumba imebadilika. Wapikieni mukimo, njahi, managu ya maziwa, nduma na viazi vitamu, kwa wingi wa kumheshimu mgeni, na chapati za moto juu yake. Mama mkwe akiuliza nyama iko wapi, mwelezeni kwa adabu kabla hajaketi mezani, si wakati sahani iko mbele yake.