Jinsi ya kufuatilia sakata la nyaraka za siri Marekani bila kupotezwa na mashabiki

Kila kigogo wa Marekani akikutwa na nyaraka za siri nyumbani, watu wanagawanyika Simba na Yanga, huyu "mbona Hillary Clinton hakufungwa", yule "mbona Biden naye", mpaka kichwa kinauma. Mi njia yangu ni hii.

Idadi ya makaratasi iache kwanza. Uliza nani kagundua, na baada ya kugundulika jamaa kafanyaje. Za Biden, mawakili wake wenyewe ndo walizikuta ofisi yake ya zamani Washington Novemba 2022 wakatoa taarifa, baadae zikakutwa zingine gereji kwake Wilmington, pale pale anapopaki Corvette. Sasa njoo kwa Trump: baada ya kutoka madarakani akaombwa weee na idara ya kutunza nyaraka za taifa, Januari 2022 akarudisha maboksi 15, mwezi wa 5 ikaja amri ya kisheria arudishe zote, upande wake wakasaini kwamba wametafuta vizuri na zilizopatikana zote ndo hizo, alafu tarehe 8 Agosti FBI wakaingia Mar-a-Lago, makazi yake kule Florida, wakatoka na zingine zaidi ya 100. Itafute ile picha kwenye hati ya mashtaka, maboksi yamepangwa bafuni mpaka juu, choo hapo pembeni, na taa ya vioo inaning'inia darini kama ukumbi wa harusi!

Pili, tafuta neno makusudi, maana waendesha mashtaka wanaliangalia sana. Julai 2016 James Comey, mkurugenzi wa FBI wakati huo, alisema Clinton na watu wake walikuwa wazembe kupindukia kwenye zile imeili za kazi alizopitishia kwenye mtambo wake binafsi, ila akashauri asishtakiwe. Na wa Biden msishangilie sana, ripoti ya Robert Hur, mwendesha mashtaka maalumu aliyemchunguza, ya 2024 ilisema upo ushahidi kwamba alizishikilia kwa kujua, ila hautoshi kumtia hatiani. Watu walibaki na ile sehemu iliyosema Biden ana kumbukumbu mbovu tu, hili wakaliruka.

Alafu kesi ikifutwa, soma imefutwa kwa nini. Ya Trump, jaji Cannon aliitupa Julai 2024 akisema Jack Smith, mwendesha mashtaka maalumu wa kesi hiyo, aliteuliwa kinyume cha katiba, kwahiyo yale maboksi ya bafuni hayakuwahi kufika mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Rufaa nayo dhidi yake ikaondolewa aliposhinda uchaguzi. Mtu akikwambia mahakama ilimsafisha, muulize ukurasa gani.