Kuku wakinyonyoana manyoya, tafutia midomo kazi

Nilipohamia Nzuguni, hapa Dodoma, viwanja vingi vilikuwa vitupu. Kuku nilikuwa nawafungulia saa kumi na mbili asubuhi, wanapotelea kwenye majani na vichuguu, tunaonana tena jua likizama. Sikujua kama kuku anaweza kumla mwenzake. Serikali ilipohamia Dodoma viwanja vikajaa, kuta zikapanda, majirani wakalima mchicha, na kuku wangu wakawa kesi kila jioni. Nikajenga banda la mita 3 kwa 2 nikawafungia humo mitetea 34 wa chotara. Kwa hesabu ya kuku watano hadi sita kwa mita moja ya mraba, nilikuwa sawa kabisa.

Mwezi wa tisa nikaona mmoja ana kipara juu ya mkia, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Wiki mbili baadaye wenye vipara walikuwa 11, na mmoja nilimkuta amechimbwa kwenye tundu la kutagia mpaka utumbo umeanza kutoka. Alifia mikononi mwangu. Nililia siku ile, na ndiyo sababu naandika haya kwa kirefu.

Anza kwa kumshika kuku mikononi, kwa sababu si kila kipara ni cha kunyonyolewa. Anayebadilisha manyoya hupukutika kuanzia kichwani na shingoni kushuka chini, na vijiti vya manyoya mapya huonekana vikichomoza. Kipara cha mgongoni na kisogoni, tena kwa wale wale majogoo wanaowapenda, ni kazi ya jogoo anapopanda. Pembua manyoya ya chini ya mkia uangalie ngozi: ukikuta vidudu vinakimbia au mayai meupe yameganda kwenye mashina ya manyoya, una chawa au utitiri. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na kutoka usiku, kwa hiyo ingia bandani na tochi saa mbili usiku upitishe kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na madoa ya damu, kuku hawapumziki, na kuku asiyepumzika hudonoa. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata akupe dawa inayofaa, na unyunyize nyufani pia, si kwa kuku peke yake.

Kipara kikiwa juu ya mkia au kiunoni, manyoya mengine yamekatika, na sakafuni huoni manyoya, basi wananyonyoana. Hilo la sakafu liangalie vizuri. Kama manyoya yanatoka na hayaonekani chini, yanaliwa, na kuku anayekula manyoya anakuambia kitu kuhusu chakula chake. Nitalirudia.

Mwenye jeraha mtoe saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Damu huwaita wengine, na banda zima linaweza kummaliza kwa nusu siku. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mpake GV, ile dawa ya zambarau. Inakausha kidonda na inaficha wekundu. Mweke mahali anapowaona wenzake kupitia wavu, maana ukimficha kabisa wiki tatu, siku ya kurudi watamchukulia mgeni na kumpiga upya.

Sasa kiini cha jambo. Kuku akiwa huru hushinda anachakura: anapekua, anadonoa, anapekua tena, karibu kutwa nzima. Shibe haiondoi hamu hiyo. Ukimfungia penye sakafu tupu ukamwekea pumba kwenye chombo, anamaliza kula mapema na mdomo unabaki unatafuta. Kitu pekee chenye umbo la kudonolewa kilichobaki mbele yake ni manyoya ya mwenzake. Banda langu lilitosha kwa mita, ila halikuwa na kazi. Nilipolielewa hilo nikaacha kuwalaumu kuku.

Nilianza na sakafu. Nilimwaga maranda ya mbao unene wa kiganja kilichosimama, yale makavu wanayokusanya mafundi seremala. Maganda ya karanga nayo huchakurwa vizuri, lakini yakiwa na ukungu hata kidogo yatupe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu hapa Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuku nao inawadhuru. Kila saa nne asubuhi na saa kumi jioni narusha konzi mbili za uwele ndani ya maranda. Punje zake ni ndogo, hivyo wanazitafuta muda mrefu kuliko mahindi. Ukipita utasikia banda zima linakwaruza kama mvua ya manyunyu, na kila mdomo uko chini.

Kisha majani. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za Desemba hapa kwetu hakuna kijani, na ndiyo miezi kuku wanayonyonyoana zaidi. Jioni soko la Majengo likikaribia kufungwa, wauza kabichi huwa na rundo la majani ya nje. Ongea nao kwa adabu, wengi watakupa bure. Yafunge kwa kamba uyaning'inize usawa wa kichwa cha kuku, yawe yanacheza akiyavuta. Ukiyatupa chini yanaisha kwa dakika kumi na kukanyagwa. Yakining'inia wanafanya nayo kazi mpaka mchana. Majani ya mlonge na matawi ya kunde yanafaa vile vile.

Kutega mchwa nilifundishwa na mama mkwe wangu wa Mpwapwa, siku alipokuja kunitembelea akaniona nahangaika. Alinitazama akasema, "Mwanangu, kuku wako wana njaa ya kutafuta." Akachukua chungu kilichopasuka ukingo, akakijaza samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi yaliyovunjwavunjwa, akanyunyiza maji, akakipindua juu ya tundu la mchwa alilolifukua kidogo kwa jembe. Hiyo ilikuwa jioni. Alfajiri tulikifunua kimejaa. Wahi kabla jua halijapanda, la sivyo siafu watakutangulia au mchwa watarudi chini. Mimina chungu chote juu ya maranda, mchwa na samadi yake, kuku wapekue wenyewe. Ni protini ya bure na ni kazi ya saa mbili kwa pamoja. Ila usitege mahali palipomwagwa dawa ya kuua mchwa, na siku hizi za ujenzi ni pengi, kwa hiyo uliza kwanza.

Mpe kuku na pa kuogea vumbi: tairi kuukuu au beseni pana, mchanga mkavu nusu na jivu la kuni nusu. Dodoma vumbi halijawahi kuwa tatizo.

Turudi kwenye chakula. Nilikuwa nanunua cha mchanganyiko dukani, bei rahisi, na nilipokichekecha nikakuta karibu chote ni pumba. Chakula chenye upungufu wa protini, hasa methionini, kimojawapo cha viini vinavyojenga protini, huwafanya kuku watafute manyoya, maana unyoya wenyewe ni protini. Chumvi ikikosekana nao hudonoana. Sasa nachanganya mwenyewe, na kwa kilo 100 naweka hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 40, pumba laini ya mahindi 18, mashudu ya alizeti 24, dagaa waliosagwa 9, chokaa ya mifugo 7, unga wa mifupa kilo 1 na gramu 300, chumvi gramu 400, na primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai gramu 300. Protini yake ni kama asilimia 16, inayowatosha wanaotaga. Dagaa walioanikwa mchangani wapepete kwanza, usije ukapima mchanga. Ukinunua waliotiwa chumvi, punguza chumvi ya mchanganyiko, kwa sababu ikizidi ni sumu.

Sisi wa Dodoma na Singida tuna bahati ya alizeti. Mashudu yake yana methionini nyingi, na yale ya mashine ndogo za kukamua hubaki na maganda, ambayo wengi huyaona takataka. Nyuzi hizo humfanya kuku ashibe kwa muda mrefu na kupunguza hamu ya kumeza manyoya. Upungufu wa mashudu hayo ni laisini, kiini kingine cha protini, na huo dagaa wanauziba. Mpe chakula kikiwa unga badala ya vidonge. Unga humchelewesha kumaliza kula, nasi tunataka achelewe. Vyombo viwe virefu vya kutosha, sentimita 10 kwa kila kuku, ili wanyonge wasisubiri mabaki.

Jua la Oktoba likipiga bati, banda huwa tanuri. Nilitandika nyasi juu ya bati na kuning'iniza magunia upande wa magharibi, joto likapungua na mwanga mkali nao. Mwanga unaochoma moja kwa moja huonyesha kila kidonda na kila unyoya uliokaa vibaya. Taa ya usiku kucha siwashi tena. Maji nabadilisha mara tatu kwa siku wakati wa joto.

Vitagio viwe na giza, kimoja kwa kuku watano, mlangoni nimeshona pazia la kanga kuukuu. Kuku akimaliza kutaga, nyama ya ndani hubaki nje kwa kitambo kidogo, nyekundu na inang'aa. Akiwa mahali peupe wenzake wataidonoa, na yule niliyempoteza naamini alianziwa hivyo. Fito za kulalia zipandishe juu ya kimo cha kuku aliyesimama chini, ili anayepumzika asidonolewe kutoka nyuma.

Halafu mtafute mkorofi. Kaa bandani nusu saa kimya, juu ya ndoo, saa za alasiri. Mara nyingi kundi huwa na mmoja au wawili walioanzisha, na wao ndio wenye manyoya mazuri kuliko wote, maana hakuna anayewanyonyoa. Wangu walikuwa wawili. Niliwatenga siku kumi, waliporudi mmoja aliacha, wa pili hakuacha, nikamuuza kwa kuliwa. Kukata midomo sikubali. Mdomo wa kuku una mishipa ya fahamu mpaka karibu na ncha, kisu cha moto kinamuumiza, na sababu iliyomfanya adonoe inabaki pale pale.

Kama unaanza na vifaranga umepata nafasi mimi niliyoikosa: waweke juu ya maranda tangu siku za mwanzo, si juu ya boksi tupu chini ya balbu kali. Kifaranga aliyejifunza kuchakura mapema hukua akichakura.

Kuhusu waliopona, usiwe na haraka. Unyoya uliong'olewa wote huanza kuota baada ya wiki chache, lakini uliokatikia katikati hungoja mpaka kuku abadilishe manyoya. Vijiti vipya vinavyochomoza vina damu ndani, navyo huwavutia wadonoaji kuliko kitu kingine. Subiri vifunguke viwe manyoya kamili ndipo umrudishe, na umrudishe usiku, wenzake wakiwa wamelala, pamoja na kuku mmoja au wawili uliowatenga naye. Asubuhi amka mapema, rusha uwele kabla hujafungua dirisha, ukae nao mpaka wamalize.