Kwenda Dar kaa kushoto, kurudi Moshi kaa kulia

Mama yangu amezaliwa Marangu na kuzeekea Marangu, na miaka yote hiyo Kibo, kilele kirefu cha Mlima Kilimanjaro, ameiona kwa chini tu. Alipotolewa mtoto wa jicho Dar es Salaam, nikamwahidi kwamba tutarudi kwa ndege, auone mlima wake kwa macho yaliyosafishwa. Nilihakikisha anapata dirisha. Upande sikuuwaza kabisa, tukakaa kushoto. Alitazama nyika ya Maasai mpaka abiria wa kulia walipoanza kunyanyua simu. "Mwanangu, wanapiga picha nini?" Ndege ilipogeuka kwenda kutua, tulikuwa tumeshazama chini ya mawingu. Swali lile liliniuma, na tangu hapo sipandi ndege bila kujua mlima utakuwa mkono gani.

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko kati ya Moshi na Arusha, na Mlima Kilimanjaro uko kaskazini-mashariki yake. Dar na Zanzibar ziko kusini-mashariki. Kwa hiyo ukiondoka KIA kwenda huko, mlima uko kushoto kwako. Ukirudi, uko kulia. Upande wa kurudi ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu vitu vinakuja kwa mpangilio: kwanza milima ya Usambara, halafu ya Upare, kisha maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo kilele cha Mawenzi na meno yake, na Kibo nyuma yake. Ukiona lile bwawa, simu iwe tayari mkononi. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki-magharibi, na upepo ukivuma kutoka mashariki rubani huzunguka atue akielekea huko. Akishageuka, mlima unahamia kushoto, na wewe wa kulia unabaki na mashamba.

Safari ya Nairobi ni nyingine. Ndege inaelekea kaskazini, Kilimanjaro ikiwa kulia na Mlima Meru kushoto. Kutoka Nairobi, geuza. Kama Kibo umeshaiona vizuri, hapa ningekushauri uchague Meru. Sisi tunaoiona kutoka Arusha mjini tunaijua kama pembe moja iliyochongoka, lakini ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani, na ukiwa angani upande huo unaona mpaka ndani ya shimo la volkano, na kilima cha majivu kimesimama katikati.

Wanaoruka kutoka Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, kwenda Serengeti hupanda vindege vidogo, mara nyingi bila namba za siti, basi wahi mlangoni. Ziwa Manyara na Ngorongoro kwa kawaida huwa kushoto, mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai kulia.

Sasa kaunta. Usiseme "naomba dirisha" ukanyamaza. Sema: "Dada, naomba dirisha la kulia, mbali na bawa." Herufi A ni dirisha la kushoto, na herufi ya mwisho ya mstari ni dirisha la kulia. Kwenye Airbus bawa liko chini ya madirisha, hivyo siti za katikati zitakuonyesha bati tu; kaa mbele kabisa au nyuma. Ndege za pangaboi, yaani ATR na Dash 8, bawa lake liko juu, unaona chini bila kizuizi, ila epuka siti zilizo sambamba na injini. Kama unaweza kuchagua siti unapokata tiketi, fanya siku hiyohiyo, maana madirisha ya upande wa mlima huisha mapema.

Chukua ndege ya asubuhi. Jua likishapanda, mawingu nayo hupanda na kuuzingira mlima. Na usikate tamaa kwa kuwa ndugu zako wa Moshi wamekupigia simu kwamba mlima hauonekani. Mwezi wa saba mji unaweza kufunikwa siku nzima, lakini Kibo ina mita 5,895, na mara nyingi wingu lile linaishia chini ya mabega yake. Ndege iko juu ya wingu.

Mama aliporudi Dar kupimwa macho, nilimkatia ndege ya kwanza ya kurudi, siti F. Tulipolipita bwawa nilimgusa bega. Akasogeza ushungi, akaweka paji la uso kwenye kioo.

"Kumbe juu ni bapa," akasema, na hakugeuka tena mpaka magurudumu yalipogusa chini.