Ufunguo Usio na Mlango

Zamani nilikuwa naandika ubaoni "Siku Nisiyoweza Kuisahau", halafu naketi kusubiri. Nikiyakusanya madaftari 40, majogoo yamewika katika 30, ndege wanaimba katika yaliyobaki, na kila mtoto amepiga moyo konde kabla ya ukurasa kwisha. Kosa lilikuwa langu. Mtoto ukimtupia mada pana kama bahari, atashika boya lililo karibu, yaani sentensi za kukariri.

Siku hizi naingia darasani na kitu mfukoni. Kiwe kidogo, na kiwe na kasoro: kifungo kilichovunjika nusu, kiatu kimoja cha mtoto, ufunguo wenye kutu. (Koti langu linalia kama kisanduku cha fundi.) Kipitishe mkono kwa mkono, wakinuse, wakipime uzito, dakika 5 bila kuandika chochote. Kisha uliza swali moja: nani anautafuta ufunguo huu sasa hivi, na kwa nini hataki mtu ajue? Hicho kipande cha pili usikiache. Bila siri utaletewa baba aliyesahau ufunguo wa nyumba, tena mara 40.

Wape dakika 15, kalamu isisimame, tahajia isubiri. Nawe keti uandike. Usizunguke ukichungulia, kwa sababu mtoto akiona kivuli cha mwalimu kwenye daftari huanza kuandika anachodhani unakitaka.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, asiyeinua mkono hata akijua jibu, aliandika kwamba ufunguo ule ni wa mdomo wa bibi yake. Bibi hajasema neno tangu babu azikwe. Usiku mjukuu anaujaribu, unaingia, lakini anaogopa kuuzungusha: upande mmoja unafungua, upande wa pili unafunga moja kwa moja, naye hajui ni upi. Nilianza kusoma nimesimama, nikajikuta nimekaa.

Makosa ya tahajia yalikuwa 6. Sikugusa hata moja. Niliandika pembeni, kwa penseli: "Ulipoingia ulitoa sauti gani?" Kesho yake daftari likarudi na sentensi mpya: "Ulisikika kama mtu anayemeza mate."

Ndiyo maana nasahihisha kwa swali. "Vizuri sana" humwacha mtoto anacheka peke yake bila kujua kizuri ni kipi. Pigia mstari sentensi moja iliyokushtua, uliza swali moja, basi. Sarufi ina kipindi chake. Hapo naandika makosa ubaoni bila kumtaja mwenyewe.

Kusoma mbele ya wenzao kuwe kwa hiari, na mwalimu aanze na chake. Changu mara nyingi ndicho kibovu kuliko vyote. Wakishanicheka, mikono inainuka yenyewe.

Atabaki yule wa "mwalimu, sina la kuandika". Usimhimize atumie akili, hilo ameshaambiwa sana. Mwambie akuandikie orodha ya milango ambayo ufunguo huu hauwezi kufungua. Mvulana mmoja aliniletea milango 11, kuanzia wa jokofu hadi wa mbinguni. Wa mwisho ulikuwa "mlango wa darasa hili kabla kengele haijalia". Nilikuwa bado nacheka ilipolia.